Mita Sabini za Kuona

Barua ya halmashauri ya kaunti ilifika Jumanne ya mwezi wa tisa, na Packie Gilheany aliisoma mara mbili akiwa amesimama katikati ya jiko na mabuti yake ya matope, jambo ambalo siku nyingine mkewe asingelivumilia. Barua ilisema kwamba lango jipya alilolifungua kutoka shambani kwake hadi barabara ya Corraleskin lilikuwa limefunguliwa bila kibali. Ama aombe kibali sasa, ijapokuwa lango limekwisha kusimama, ama aling'oe na kuupanda upya ua wa miiba kama ulivyokuwa. Alipewa wiki nne za kujieleza.

"Nani ametusema?" mkewe Attracta aliuliza.

Packie aliikunja barua. Huku kwetu kaunti ya Leitrim swali hilo haliulizwi ili lijibiwe. Kila mtu hulijibu moyoni mwake, na wote wawili walikuwa wamekwisha kumtaja mtu mmoja: Manus Mulvey, jirani yao wa shamba la kushoto, mwenye nyumba ng'ambo ya barabara, ambaye walikuwa hawasemezani naye kwa miaka kumi na tisa kwa sababu ya mtaro wa maji. Nani alikosa katika habari ya mtaro ule, mimi siingilii. Nimesikia habari yake mara thelathini, na kila anayeisimulia huyapeleka maji upande wake.

Lango lenyewe halikuwa la fahari. Ni chuma tupu, upana wa trekta na mkokoteni wake, na kokoto zimemwagwa mbele. Lakini kabla ya lango hilo, ng'ombe kumi na wanne wa Packie walikuwa wakipelekwa shamba la chini kwa barabara, mita mia nne, wakipita kwenye kona ambayo dereva haoni kitu mpaka amekwisha kukifikia. Attracta ndiye aliyetangulia mbele na kitambaa chekundu, kwa kuwa Packie alikuwa amewekewa nyonga ya chuma na hawezi tena kukimbia. Mwaka uliopita lori la chakula cha mifugo lilitokea pale konani likaua mtamba mmoja, na Attracta likamkosa kwa upana wa koti. Watoto wao wako Sydney, hakuna wa kumpokea kitambaa. Baada ya ajali hiyo Packie alisema mara moja tu: ama nifungue lango, ama niuze ng'ombe. Mkewe aliutazama uso wake aliposema neno kuuza, akaenda mwenyewe kumwita mtu wa tingatinga.

Na kibali? Hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa la mtu wa huku. Kila mkulima wa parokia yetu anajua, au anadhani anajua, kwamba barabara ikiwa nyembamba kuliko mita nne unaweza kufungua lango la shamba bila kumuuliza mtu. Packie aliipima barabara kwa kamba, akapata mita tatu na nusu. Akafurahi. Alipokuja ofisa wa halmashauri alichukua sepetu, akakwangua nyasi pembeni mwa lami, akaendelea kukwangua, na chini ya nyasi kukawa na lami. Miaka ishirini nyasi zilikuwa zikiila barabara polepole kutoka pande zote mbili, na hakuna aliyeziona. Ilikuwa mita nne na sentimita thelathini.

"Mzee Gilheany," ofisa alisema kwa upole, "ulipima majani."

&nbsp;

Walimpata injinia wa kuwachorea ramani, binti mmoja aitwaye Gráinne Earley, mwenye sauti ya kukata maneno na gari lililojaa vigingi. Alitaka euro mia tisa, na Attracta alimlipa nusu kwanza, fedha ya ndama. Gráinne aliwaeleza kwamba kuomba kibali cha kitu kilichokwisha kujengwa si dhambi, watu huomba kila wiki. Packie alimsikiliza kofia ikiwa mkononi kama mtu aliyeitwa shuleni kwa mwalimu mkuu. Alikuwa na miaka sitini na minane na hajawahi kuiomba serikali ruhusa ya kuingia shambani kwake mwenyewe.

Sheria inataka tangazo libandikwe mahali penyewe, lielekee barabarani, wapita njia wasome na mwenye pingamizi apinge. Gráinne aliandika tangazo jeupe, akalivika mfuko wa plastiki, na Packie akalifunga kwenye lango kwa waya. Magari yalipunguza mwendo. Watu ambao hawajawahi kusoma kitu kirefu kuliko bei za mnadani walisimama na kusoma tangazo lote, mpaka jina la mwombaji, mpaka tarehe. Attracta alikuwa akiwaona kutoka dirishani, na kila gari liliposimama alihisi uso unamwaka.

Siku ya nane ofisa alikuja kuhakiki, akakuta waya mtupu. Packie alilizunguka lango, akainama kwa shida, na katika matope upande wa ndani akaokota pembe moja ya plastiki iliyotafunwa. Ng'ombe wake mweusi, yule mwenye tabia ya kulamba kila kitu, alikuwa amepenyeza shingo kati ya vyuma na kula ombi zima. Pasipo tangazo ombi halihesabiki, likarudishwa kuwa batili.

Jumapili baada ya Misa, mwenye duka alimpokea Packie mlangoni kwa kicheko. "Nasikia kuna pingamizi, Packie. Na limetoka nyumbani."

Packie alicheka na wenzake, kwa sababu huku asiyecheka ndiye anayechekwa wiki nzima. Lakini alipofika nyumbani hakugusa chakula mpaka kikapoa, na miezi miwili hakutaka kusikia habari ya lango. Baada ya Krismasi Attracta alimpigia Gráinne simu bila kumwambia mumewe. Ombi la pili likaandikwa, na ombi linalorudiwa ndani ya miezi sita tangazo lake halikubaliwi kuwa jeupe. Linakuwa la manjano. Kwa hiyo hata mtu asiyejua kusoma, akipita kwa gari tu, alijua kwamba Packie Gilheany ameomba mara ya kwanza akashindwa.

&nbsp;

Mwezi wa pili halmashauri ikajibu. Hawakukataa, lakini walikuwa na sharti. Mtu anayetoka langoni ni lazima aone mita sabini kila upande. Upande wa kulia palikuwa pazuri. Upande wa kushoto, baada ya mita thelathini, ua uliotokeza barabarani haukuwa wa Gilheany tena. Ni wa Mulvey. Iletwe barua ya mwenye ua, yenye sahihi yake, kwamba anaridhia mita arobaini zikatwe.

Gráinne aliongeza jambo moja kwa simu: mwisho wa mwezi wa pili ndio mwisho wa kukata ua. Kuanzia tarehe mosi ya mwezi wa tatu ndege wanataga na sheria inawalinda mpaka mwezi wa tisa. Msipokata sasa, alisema, lango litafungwa kabla ng'ombe hawajatoka zizini msimu wa baridi ukiisha.

"Basi tumekwisha," Packie alisema. "Nitampigia mtu wa mnada."

"Nenda ukamwombe Manus."

"Aliyenisema nimwombe?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Sijawahi kuinama mbele ya Mulvey, na kwa nyonga hii siwezi hata nikitaka."

Attracta hakucheka. Alimwambia kwamba yeye ndiye aliyetembea mbele ya ng'ombe na kitambaa miaka yote hiyo, na kama kiburi cha mtu kitamrudisha pale konani, basi heri auze kweli. Kisha akaenda kulisha ndama. Packie alibaki mezani na barua. Alikuwa mtu mwema, Packie, nataka ieleweke. Lakini miaka kumi na tisa walikuwa wakikutana na Manus kwenye barabara ile nyembamba, magari yakipishana kwa shida, na hakuna hata mmoja aliyeinua kidole cha salamu kutoka kwenye usukani, jambo ambalo huku hata mgeni asiyejulikana hufanyiwa. Mazoea ya namna hiyo hayaondoki kwa barua.

Siku nne baadaye, Phil Mulvey akafa.

Phil alikuwa dada yake Manus, hakuolewa, na ndiye aliyekuwa akimpikia. Moyo ulisimama akiwa anakanda mkate. Tangazo la msiba lilisomwa redioni asubuhi: maiti itakuwa nyumbani Alhamisi, kuanzia saa tisa mchana, nyote mnakaribishwa.

Sasa tazama Attracta alivyobanwa. Kutokwenda msibani kwa jirani ni aibu isiyofutika, ugomvi au hakuna ugomvi. Hata watu waliopelekana mahakamani hupeana mkono mbele ya jeneza. Lakini akienda, na tangazo la manjano linaning'inia pale barabarani na parokia nzima inajua ua ni wa nani, watasema hakumfuata maiti, amefuata sahihi. Alioka mkate wa tufaha huku akilia kidogo, kwa hasira na kwa Phil pia, maana wakati wa ujana wao walikuwa wakicheza dansi pamoja.

"Tutakwenda," alimwambia mumewe. "Na neno ua halitatoka kinywani mwako. Wala mwangu."

&nbsp;

Walipanga foleni na wengine hadi uani. Ndani, Phil alikuwa amelazwa sebuleni na rozari vidoleni, mdogo kuliko alivyokuwa. Manus alikaa kando ya jeneza katika suti iliyombana. Packie alipofika mbele yake chumba kilipunguza mazungumzo, si kwamba kilinyamaza, watu wa huku wana adabu, ila kila mtu alianza kuongea kwa sauti ambayo ingemwezesha kusikia.

"Pole kwa msiba, Manus."

"Asante, Packie. Asante kwa kuja."

Walishikana mikono. Hayo tu, na yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu mwaka wa mtaro. Packie akaenda kukaa na wanaume, akapewa chai na sandwichi ya nyama, akaishika bila kuila.

Attracta alikwenda jikoni kuosha vikombe, maana katika nyumba ya msiba vikombe haviishi na ni kazi ya majirani. Alikuwa ameosha kama thelathini hivi Manus alipoingia, akafunga mlango nyuma yake, akasimama karibu na jiko kama mgeni nyumbani kwake.

"Ni mimi niliyeiandikia halmashauri," alisema.

Attracta aliweka kikombe chini.

"Mwezi wa nane. Ulitoka langoni na trekta, nami nashuka kutoka juu, Phil yuko kando yangu. Nilikanyaga breki mpaka Phil akagonga paji la uso. Wewe hukuniona. Ukaenda zako."

Attracta alijaribu kukumbuka siku hiyo akashindwa, na kushindwa kwenyewe ndiko kulikomtisha. Alishika ukingo wa beseni. Aliuliza kwa sauti ndogo mbona hakuja kumwambia.

"Nije kumwambia nani? Sisi hatusemezani."

Alilisema vile mtu asemavyo kwamba duka halifunguliwi Jumapili. Halikuwa na chuki hata chembe. Alieleza kwamba alidhani serikali itawaambia wapanue kidogo, waone vizuri, basi. Hakujua kwamba barua inaweza kusema ng'oeni. Alipoliona tangazo jeupe alifurahi, alipoliona la manjano akakosa usingizi, na Phil alimtukana kila siku ya Mungu: vuka barabara, zuzu wewe, kawaambie kwa mdomo.

"Kila siku," Manus alisema. "Na mimi namwambia, kesho."

Hasira ilimpanda Attracta, hasira ya miezi sita ya kuona aibu dirishani. Halafu, Mungu amsamehe, kicheko kikaja nyuma yake, kicheko cha kweli, katika nyumba yenye maiti, ikabidi ajizibe mdomo kwa taulo la vyombo. Mtu ameogopa asije akamuua jirani, akamwandikia barua serikali kwa kuwa hawezi kumwambia hujambo. Manus alimwona mabega yakitikisika akadhani analia, akampigapiga mgongoni.

"Wanataka nini kwangu?" aliuliza baadaye. "Karatasi?"

"Sahihi. Na mita arobaini za ua wako. Lakini si leo, Manus. Leo ni siku ya Phil."

"Ndiyo," alisema. "Leo ni siku ya Phil."

Garini, akiwa njiani kurudi, alimweleza mumewe yote. Packie aliendesha mpaka langoni kwao. Alizima gari.

"Miezi sita," alisema. "Tangazo mara mbili. Kwa sababu mtu ameshindwa kuvuka barabara."

"Na wewe uliivuka lini?"

Packie alikaa garini muda mrefu baada ya mkewe kuingia ndani.

&nbsp;

Phil alizikwa Jumamosi. Jumatatu, zikiwa zimebaki siku tano za ruhusa ya kukata ua, Packie alivaa koti lake la Misa, akachukua barua ya Gráinne, akavuka barabara kwa miguu. Ni hatua mia mbili. Alipumzika mara moja njiani, na haikuwa nyonga.

Manus alimfungulia mlango. Jikoni kulikuwa na harufu ya nyumba isiyopikiwa chakula. Packie hakujua pa kuanzia, kwa hiyo alianza pale ambapo hakutaka kabisa.

"Nimekuja kuomba," alisema. "Na mtaro ule, ningeweza kuuchimba mbali zaidi na kwako. Nilijua wakati ule ule."

Manus alifuta meza kwa kiganja. "Nami ningeweza kusema mapema, kabla sijaita mwanasheria."

Basi. Miaka kumi na tisa ikaishia hapo, kwa sentensi mbili, na nadhani wote wawili waliona aibu kuona jinsi zilivyokuwa fupi. Manus alivaa miwani ya Phil, kwa kuwa yake ilikuwa imevunjika, akaisoma barua neno kwa neno kidole kikifuata mistari, akauliza mita arobaini zinahesabiwa kutoka wapi. Packie alisema hana hakika, pengine kutoka kwenye kigingi. Manus akasema neno pengine si kitu cha kutilia sahihi. Wakatoka na kamba ya kupimia, kila mmoja ameshika ncha yake, wazee wawili pembeni mwa barabara katika mvua nyembamba, wakibishana kwa sauti kubwa kama kigingi kihesabiwe ndani au nje. Attracta aliwasikia kutoka zizini. Alisimama na ndoo mkononi akawasikiliza kwa furaha.

Manus aliandika sahihi yake jioni hiyo. Alhamisi ua ukakatwa, siku mbili kabla ya mwisho, trekta la Manus likitangulia na Packie nyuma akikusanya matawi kwa uma. Miti ya miiba ilipolala chini, mtu angeweza kusimama langoni na kuona barabara yote mpaka darajani, na Attracta alisimama pale, akageuza kichwa kulia, kushoto, kulia, kama mtoto aliyenunuliwa kitu.

&nbsp;

Jibu lilikuja wiki ya kwanza ya mwezi wa nne. Ofisi ilikuwa imeridhia. Lango libaki. Attracta alisoma mstari huo akakaa chini kwenye kiti cha karibu, akasema, "Basi hawauzwi," na Packie akasema hawauzwi.

Kisha Packie akasoma masharti, maana kibali huja na masharti. La kwanza lilihusu maji ya mvua yasiingie barabarani. La pili lilihusu lango kufunguka kwa ndani. La tatu alilisoma, akalisoma tena, akaondoka nalo bila kofia, akavuka barabara.

Manus alikuwa mezani anakula viazi alivyopika mwenyewe, vibaya. Packie alisimama kizingitini akamsomea kwa sauti: mwombaji atahakikisha kwamba ua wa upande wa kushoto unakatwa kila mwaka, kwa makubaliano na mwenye ardhi ya jirani, kwa muda wote ambao lango litatumika.

"Kila mwaka?" Manus aliuliza.

"Kila mwaka."

"Kwa makubaliano?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Ni amri."

Manus alitafuna kiazi chake akitafakari jambo hilo. "Na tukigombana?"

"Lango linafungwa."

Mzee Mulvey aliinuka, akachukua sahani ya pili kabatini, ile ambayo haikuguswa tangu mwezi wa pili, akaipangusa kwa mkono wa sweta na kuiweka upande wa pili wa meza.

"Kama ni kila mwaka," alisema, "usiwe unasimama mlangoni kama mtu wa posta. Ingia ukae."